Sura ya Sita: Uraia wa Msikilizaji

Mwaka 1981 bendi ya Magazine ya Manchester ilitoa albamu yake ya nne, na mpiga gitaa wake wakati huo alikuwa Ben Mandelson. Kiongozi wa bendi hiyo, Howard Devoto, ndiye aliyeimba katika Spiral Scratch ya Buzzcocks, santuri ndogo iliyotoka Januari 1977 bila kampuni kubwa kuishika mkono, na ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa mawe ya msingi ya muziki wa lebo huru wa Uingereza, ule ambao mashabiki wake kila mahali huuita indie. Mwaka 1985 Mandelson na mwenzake Roger Armstrong walianzisha lebo ya GlobeStyle mjini London. Ni lebo hiyo iliyowafuata Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, Wanyore watatu waliokuwa wakipiga pamoja tangu miaka ya 1960 kwa jina la Abana ba Nasery. Ilikusanya nyimba zao za zamani katika albamu moja, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawarekodi upya pamoja na wanamuziki wa Uingereza. Hivyo magitaa mawili na chupa ya Fanta vikapata mashabiki wa aina mbili: wale wa Magharibi mwa Kenya, kutoka Bunyore hadi Bungoma na mashamba ya Kitale, waliozijua nyimba hizo tangu enzi za Sauti ya Kenya, redio ya taifa, na wale wa London na Manchester waliozinunua katika duka lilelile walikonunua santuri za Magazine. Dai langu katika sura hii ni kwamba makundi haya mawili hayakusikia kitu kimoja, na kwamba kilichoyatenganisha hakikuwa masikio. Uraia humpa msikilizaji swali la kuuliza kabla wimbo haujaanza. Swali hilo halizaliwi katika damu. Hulelewa na vitu vinavyoonekana: redio ya taifa, shule, duka la santuri, desturi ya biashara na hata ofisi ya viza.

Tuanze na London, kwa kuwa huko swali liliandikwa waziwazi. Tangu Januari 1980 Uingereza ilikuwa na orodha ya mauzo ya lebo huru, na sharti la kuingia humo halikuhusu mlio wa gitaa hata kidogo. Lilihusu njia ambayo santuri ilifika dukani: je, ilisambazwa nje ya mikono ya makampuni makubwa? Shabiki aliyekulia katika utaratibu huo alizoea kupima muziki kwa asili yake ya kibiashara. Bendi iliyosaini na kampuni kubwa ilishukiwa kuuza utu wake, na mlio mkavu, usiopambwa, ulichukuliwa kuwa ushahidi wa ukweli. Juni 1987 wenye lebo huru kadhaa, GlobeStyle wakiwemo, walikutana katika baa ya Empress of Russia mjini London kutafuta jina la rafu ambamo maduka yangepanga santuri za Afrika, Asia na kwingineko, wakakubaliana kuiita Muziki wa Dunia. Nia yao ilikuwa njema, na bila wao santuri nyingi zisingefika popote. Lakini tazama kilichotendeka. Magazine, bendi ya watu wa Manchester, ilipangwa kwa mtindo wake. Abana ba Nasery walipangwa kwa pasipoti yao. Mnunuzi aliyeinyanyua santuri yao kutoka rafu hiyo alikuwa tayari ameambiwa asikilize nini: ugenini, usafi wa kijijini, gitaa ambalo kampuni kubwa haijaligusa.

Magharibi mwa Kenya sifa hiyo ya mwisho haimaanishi chochote, kwa sababu karibu kila mwanamuziki anayo. Miaka ya 1970, benga, muziki wa gitaa wa Kenya, ilipokuwa juu, barabara ya River Road jijini Nairobi ilikuwa na lebo ndogo zisizo na idadi, nyingine za wanamuziki wenyewe, nyingine za wenye maduka, nyingine za mfanyabiashara aliyependa kijana fulani wa kwao akamlipia studio. Kanda bandia zilipoibomoa biashara ya santuri katika miaka ya 1980, hata zile kampuni chache za kigeni zilizokuwapo zilifunga au zikajikunyata. Leo mwanamuziki wa Bungoma humlipa prodyuza mfukoni mwake, huipakia video YouTube, husubiri senti za Skiza, huduma ya nyimba za miito ya simu, na hupata riziki yake halisi harusini, mazishini, katika mikutano ya siasa na kwenye baa za mwisho wa mwezi. Ni huru kwa kukosa namna nyingine. Kumwambia shabiki wake kwamba wimbo huu ni wa lebo huru ni kumweleza jambo ambalo halitofautishi wimbo mmoja na mwingine, naye ana haki ya kutolijali. Hapa ndipo wazo zima la indie, linaloonekana kuwa la ulimwengu mzima, linapofichua uraia wake. Lilizaliwa katika nchi zenye makampuni makubwa ya kukataa. Pasipo na kampuni ya kukataa, kukataa si fadhila.

Basi shabiki wa Bungoma huuliza nini? Huuliza maswali mawili: wimbo unashauri nini, na nani ametajwa. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963 na ambaye gitaa lake la vidole ndilo walilojifunzia wengi waliomfuata katika mtindo wa omutibo, aliimba mawaidha na vijembe vya ndoa, pombe, umaskini na majirani. Anayejua lugha husikiliza hoja: mume ana kosa au mke? Mzee anayesemwa ni nani? Benga ya Kiluhya iliyokuja baadaye ilizidisha jambo hilo kwa kuwataja wafadhili, wakwe, walimu wakuu na wenye matatu, wakati mwingine mfululizo mpaka gitaa lenyewe linageuka kuwa mandhari ya majina. Redio ilitia nguvu zoea hilo kwa vipindi vya salamu, ambapo wimbo ulitanguliwa na orodha ya ndugu na marafiki wa Webuye, Kimilili, Kiminini na Mumias, na watu walijiunga katika vyama vya wapenzi wa salamu ili majina yao yasikike. Wimbo uliopigwa baada ya jina la mama yako si wimbo uleule tena. Lebo za Marekani zilipokuja kumtoa Mukabi upya kwa wanunuzi wa Portland na Chicago, wanunuzi hao walipata vidole vya ajabu na sauti ya mtu aliyekufa akiwa angali na mengi ya kuimba. Hayo ni mengi, na ninawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini kesi iliyokuwa ikisikilizwa ndani ya wimbo, yenye mshtaki na mshtakiwa, ilibaki nyuma.

Sasa tugeuze safari, kwa sababu hoja inayofanya kazi upande mmoja tu ni ya kutiliwa shaka. Kitale ni mji uliojengwa na walowezi wa Kizungu waliopewa mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli iliufikia mwaka 1926, Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikaanzishwa hapo mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara ya mahindi ya H611 iliyobadilisha kilimo cha nchi nzima. Wafanyakazi wa mashamba hayo, wengi wao Wabukusu kutoka Bungoma, waliishi kama maskwota, na baada ya uhuru familia nyingi zilinunua vipande vya ardhi ileile zilikolima kama vibarua. Katika mji huu, kama katika Bonde la Ufa kwa jumla, muziki wa Marekani uliotia mizizi ya kina zaidi ni country: Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Dolly Parton na Kenny Rogers. Ulikuja kwa gramafoni za walowezi na wamisionari, ukaendelezwa na Sauti ya Kenya na baadaye mrithi wake KBC, ambayo kipindi chake cha jioni cha Sundowner kiliwalea wasikilizaji wa vizazi kadhaa, na leo una waimbaji wake wa Kenya, Sir Elvis na Esther Konkara wakiwa miongoni mwao.

Mpeleke shabiki wa lebo huru wa Marekani mbele ya orodha hiyo ya majina, naye atashangaa. Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, alikuwa nguzo ya mtindo wa Nashville uliolainishwa makusudi kwa fidla na waitikiaji ili uuzike mjini. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba ulaini ni dalili ya biashara, huo ndio muziki wa kukimbiwa. Mashabiki wa lebo huru wa Marekani na Uingereza waliirudia country kupitia mlango wa nyuma: kwa Uncle Tupelo, vijana wa Illinois waliochanganya nyimba za wazee na gitaa la kelele katika albamu yao ya mwaka 1990, au kwa Johnny Cash wa mwaka 1994, alipoketi peke yake na gitaa lake chini ya prodyuza Rick Rubin. Walihitaji ruhusa, na ruhusa hiyo ilikuwa ukavu wa mlio. Shabiki wa Kitale hakuhitaji ruhusa ya mtu. Katika nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya darasani na ya ofisini, mwimbaji anayetamka kila neno polepole, karibu na kipaza sauti, bila kulimeza, anakuheshimu. Ulaini uleule uliosomwa Marekani kama hila ya muuzaji, ulisomwa Kitale kama adabu. Na kusomwa hivyo hakukuwa kwa bahati: nyuma yake kuna mtaala wa shule na sera ya lugha ya taifa la Kenya.

Kuna na jambo la shamba. Mwaka 1977 Kenny Rogers alitoa wimbo wa Lucille, kisa cha mwanamke aliyemkimbia mumewe na kumwachia watoto wanne wakati mazao yakingojea shambani. Kwa msikilizaji wa Chicago au Leeds, mazao hayo ni pambo la kisa cha baa. Kwa mkulima wa Trans Nzoia hayo ndiyo uzito wa kosa. Mahindi ya Kitale hupandwa mara moja kwa mwaka, na anayekosa mikono mwezi wa kuvuna hupoteza mwaka mzima, karo ya shule ikiwemo. Hivyo swali la Bungoma, wimbo unashauri nini, linaingia katika wimbo wa Marekani na kulikuta jibu lake tayari. Naamini hii ndiyo sababu country ilidumu huku ilhali mitindo mingi ya Marekani ilipita: iliweza kujibu maswali ambayo msikilizaji alikuwa nayo.

Wapo watakaosema kwamba ninakipamba kile ambacho kwa kweli ni kutoelewa. Shabiki wa Kitale, watadai, hajui kwamba huko Marekani country imebeba historia nzito ya Kusini, ya rangi na ya siasa, na asiyeijua historia hiyo hajaufahamu muziki. Mfano wanaopenda kuutoa ni wa Kapkatet, ambako mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, aliyetokana na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika vilima vile. Wengi husimulia kisa hicho kama kichekesho cha washamba na gramafoni. Mimi nakiona kama kazi ya uhakiki. Wasichana wale walisikia sauti isiyo na mwili ikitoka ndani ya sanduku la wageni, wakaipatia mwili, wakaialika icheze, wakaitungia wimbo bora kuliko makala nyingi zilizoandikwa juu ya Rodgers. Na kama kutojua historia ni kutoelewa, basi mnunuzi wa London aliyeipenda Abana ba Nasery bila kujua nani anasemwa yuko palepale walipokuwa wao. Tofauti ni kwamba yeye ana magazeti ya kuligeuza kosa lake kuwa maoni yanayochapishwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, haya si mambo ya kabila badala ya taifa? Mbukusu husikiliza kama Mbukusu, iwe Kenya ipo au haipo. Bahati nzuri mpaka wenyewe unatupa mahali pa kupima. Ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Mbale nchini Uganda, wanaishi Wamasaba, ndugu wa Wabukusu kwa lugha, kwa visa vya asili na kwa tohara inayofanyika miaka ya shufwa pande zote mbili. Iwapo kabila ndilo linaloamua, ladha ya gitaa ingefanana. Lakini redio ya Kampala ilimletea mtu wa Mbale kadongo kamu, gitaa la hadithi ndefu za Kiganda la akina Elly Wamala na baadaye Paulo Kafeero, na redio ya Nairobi ikamletea binamu yake wa Bungoma benga, rumba ya Wakongo walioweka makazi Nairobi, na Jim Reeves wa Sundowner. Litungu, ala ya nyuzi ya harusini, linabaki la wote. Muziki wa redio unagawanyika mpakani, na kwa miongo mingi, mpaka stesheni za binafsi zilipoanza kuruhusiwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, muziki wa redio ulikuwa muziki wa serikali. Serikali ilijua hivyo: mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamuru robo tatu ya nyimba zake ziwe za Kenya, agizo ambalo halikudumu, lakini linaonyesha kwamba kuna ofisi iliyokuwa ikiamua wananchi wake wasikie nini. Stesheni za lugha za nyumbani, kama Sulwe FM inayotangaza kwa Kibukusu, zimelegeza mamlaka hiyo. Hazijaifuta.

Pingamizi la tatu ni la vijana: intaneti imemaliza hayo yote, na mwanafunzi wa Kitale mwenye simu anasikiliza Radiohead sawa na mwanafunzi wa Oxford, walikotoka Radiohead wenyewe. Simu imepunguza mengi, nakubali. Lakini mtazame J. S. Ondara, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1992, akakulia katika nyimba za Radiohead, Nirvana na Death Cab for Cutie zilizosikika redioni, kisha akamgundua Bob Dylan, na mwaka 2013 akahamia Minnesota, jimbo alikozaliwa Dylan. Masikio yake yalikuwa ya shabiki yeyote wa indie. Albamu yake ya kwanza, Tales of America ya mwaka 2019, ilimpatia uteuzi wa tuzo ya Grammy, na Wamarekani waliipokea kama habari za Marekani kutoka kwa mhamiaji. Kijana wa Minnesota mwenye gitaa hilohilo angeulizwa kuhusu mapenzi yake. Ondara aliulizwa kuhusu nchi yao. Bendi ya Extra Golden ilipata funzo hilo kwa njia ngumu zaidi. Wamarekani wawili wa muziki wa lebo huru waliungana na wapiga benga wa Kenya, wakatoa albamu yao ya kwanza mwaka 2006 kwa lebo ya Thrill Jockey ya Chicago. Mwaka huohuo walipoalikwa kupiga Chicago, Wakenya walikwama kwenye viza mpaka ofisi ya Seneta Barack Obama ilipoingilia kati, nao wakamshukuru kwa wimbo katika albamu iliyofuata. Nusu ya bendi ilihitaji seneta ili kufika jukwaani, nusu nyingine ilihitaji tiketi tu. Faili la wimbo halisimamishwi na afisa wa uhamiaji, ila mtu aliyeuimba husimamishwa.

Na hata Waingereza na Wamarekani, ambao huku tunawaweka katika kapu moja, hawasikii indie kwa namna moja. Uingereza ilikuwa na BBC, iliyofika kila nyumba, na John Peel aliyetangaza Radio 1 kuanzia 1967 hadi kifo chake mwaka 2004. Wimbo aliopiga usiku mmoja ulijadiliwa nchi nzima kesho yake, kwa hiyo indie ya Uingereza ikawa na orodha yake ya taifa, na mashabiki wake wakatarajia bendi ndogo ivume haraka na kushinda. Marekani haikuwa na redio kama hiyo. Ilikuwa na stesheni za vyuo vikuu na barabara ndefu, bendi kama R.E.M. ya Athens, Georgia ikizunguka mji kwa mji kwa miaka mingi, na shabiki akaona fahari katika kuujua muziki ambao mji wa pili haujausikia. Lugha ni moja, magitaa ni yaleyale, taasisi ni tofauti, swali ni tofauti. Mfano huu waniridhisha kuliko yote, kwa kuwa unaondoa umaskini na ugeni katika hesabu na bado taifa linabaki.

Yote haya yana madhara ambayo hayapo katika ladha tu. Wanaoandika maelezo ya jalada ndio wanaoamua swali ambalo vizazi vijavyo vitauliza, na mpaka sasa maelezo mengi juu ya gitaa la Magharibi mwa Kenya yameandikwa na wageni wenye bidii, kuanzia kwa John Storm Roberts, Mwingereza aliyekusanya nyimba za Kenya na kuzitoa Marekani, hadi kwa lebo ndogo za leo. Wamehifadhi milio. Hawakuweza kuhifadhi majina, kwa sababu swali lao halikuwa nani ametajwa, na wale wanaoweza kulijibu wanazeeka. Hata hifadhi ya vitu vya wenyeji ilitegemea mgeni: Makumbusho ya Kitale yalifunguliwa mwaka 1974 kwa msingi wa mkusanyo wa mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, aliyetumia maisha yake kukusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Shabiki wa Bungoma au Trans Nzoia aliye na santuri au kanda za miaka ile asingoje mgeni wa pili. Aketi na mzee anayezijua, aandike wimbo kwa wimbo: nani alitunga, nani alilipia studio, nani anasemwa, ni kijiji gani, kesi iliishaje. Kisha nakala aipeleke makumbusho, na nyingine aibandike ndani ya jalada lenyewe.